Yah: Mjukuu Aliyezaliwa Nikiwa Hatua ya Nane

Kwa Mhariri wa kipeperushi "Ukipata Ajali ya Gari Ugenini: Hatua Tisa",
Ofisi ya Huduma kwa Wasafiri.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umeketi vizuri, na shingo yako inageuka pande zote. Yangu kwa sasa inatazama mbele tu. Ninaandika nikiwa nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya kabati la nguo la binti yangu, kwa sababu nikikaa mezani siioni kalamu.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kazi hii nimeifanya miaka thelathini na moja, na wanafunzi wangu huniita Mwalimu Breki, kwa kuwa gari la shule lina breki ya pili upande wangu na mguu wangu hauondoki juu yake. Katika muda wote huo sijawahi kupata ajali. Waliopata ni wanafunzi, na nilikuwa nimewaonya. Mke wangu ni mkunga. Naye nilimfundisha kuendesha, nikamfelisha mara tatu kwa haki kabisa, akaenda shule ya mtaa wa pili akafaulu siku ya kwanza. Leseni yake ina miaka kumi na tisa sasa, na haijawahi kunibeba.

Binti yetu, tuliye naye mmoja tu, ameolewa nchi ya mbali. Mwezi huu alikuwa anatarajia mtoto wake wa kwanza, na aliomba mama yake awepo. Tukakata tiketi. Siku ya kuchukua pasipoti, karani wa dirishani akanipa kipeperushi chenu. Nilikisoma mpaka nikakihifadhi kichwani, koma na nukta. Mke wangu hakukisoma. Alisema atakisoma tukipata ajali.

Tulishuka uwanja wa ndege alfajiri, tukakodi gari, na ilipofika saa tatu asubuhi, tukiwa tumebakiza dakika ishirini kuingia mji anaokaa binti yetu, tuligongana na gari la mikate katika mzunguko wa barabara. Nani alimgonga nani ni jambo ambalo wataalamu hawajaafikiana. Nikisema wataalamu nina maana ya mimi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili askari wawili, mfagiaji wa barabara, na mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa. Gari letu lilipoteza bampa, na gurudumu la mbele likageukia kando kama mtu aliyenuna. Lile la mikate lilivunjika taa moja, mlango wa nyuma ukafunguka, na mikate ikamwagika barabarani ikiwa bado ya moto.

Sikutaharuki. Nilitoa kipeperushi chenu mfukoni, nikavaa miwani, nikaanza. Madhara niliyoyapata tangu dakika ile nayaorodhesha kwa utaratibu wenu wenyewe.

1. Hatua ya kwanza inasema: "Simamisha gari." Gari lilikuwa limeshasimama. Hapa sina dai.

2. Hatua ya pili inaagiza pembetatu ya tahadhari iwekwe hatua hamsini nyuma ya gari. Ndugu Mhariri, mzunguko ule, ukiuzunguka wote, una hatua arobaini na nne. Nilizihesabu. Nilipofika ya hamsini nilikuwa nimelipita gari langu mwenyewe kwa hatua sita, nimekumbatia pembetatu, mbele za watu. Nikarudia nikidhani nimehesabu vibaya. Mbwa wa yule mzee alianza kunifuata.

3. Hatua ya tatu ndiyo iliyoniponza zaidi. Mmeandika: "Usikiri kosa. Usitamke neno lolote linaloweza kuchukuliwa kuwa ni kukiri kosa."

Mama wa mikate alishuka garini akichechemea. Goti lake lilikuwa limegonga dashibodi. Ni mtu wa rika langu, unga umemfika viwikoni, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, sijui ni kwa ajili ya goti au ya mikate. Mimi si mnyama. Neno lilinijia lenyewe mpaka kwenye meno, kama linavyomjia mtu yeyote aliyelelewa kwa lugha hii akiona mwenzake amejikwaa. Lakini nilikuwa nimesoma. Nikaliuma, nikalimeza. Nikasimama mbele ya mama wa watu aliyeumia, mikono nyuma, mdomo nimeufunga, wima kama nguzo ya simu, huku nikimwinamishia kichwa kwa heshima. Mfagiaji aliacha kufagia ili anitazame vizuri.

Mke wangu hakuuma kitu. Alimkalisha yule mama kwenye ukingo wa barabara, akavua mtandio wake, akamfunga goti, huku akimwambia, "Pole mama. Pole sana. Imekwisha, pole jamani, pole," kwa sauti ileile anayoitumia wodini. Kabla polisi hawajafika nilikuwa nimehesabu pole kumi na saba.

Polisi walipofika walimpigia mkalimani wa simu, mmoja wa wale wanaoijua lugha yetu kwa cheti. Wakamwekea spika amsikilize mke wangu akirudia yote aliyomwambia yule mama. Akafasiri. Askari akaandika kwa muda mrefu, akageuza ukurasa, akaendelea kuandika. Kisha simu ikatuuliza:

"Afisa anataka kuhakikisha. Mama amekiri makosa kumi na saba, au ni kosa moja analirudia?"

"Mwambie nimempa pole," mke wangu akasema. "Mimi ni mkunga, baba. Natoa pole mara mia kwa siku. Hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuniambia basi mimba hii ni yako."

Mkalimani akafasiri. Askari alifuta alichoandika na kuanza upya, mabega yakimtikisika. Mimi nilipojitokeza ili nifafanue tofauti kati ya pole na samahani, nikaambiwa muda wa mkalimani umekwisha. Katika taarifa ya polisi, ambayo mkwe wangu amenisomea, mke wangu ameandikwa "mwenye huruma." Mimi nimeandikwa "hakuwa na la kusema." Sijawahi kuandikwa hivyo popote.

4. "Badilishana taarifa na dereva mwenzako." Mimi nilichukua namba ya gari. Mke wangu, kwa vidole na macho tu, bila neno moja la lugha ya pale, aligundua kwamba mama wa mikate ni mjane, ana wajukuu wanne, goti lile linamsumbua tangu zamani, na tanuri lake lina umri sawa na ndoa yetu. Naye aliambiwa yetu yote. Nadhani aliambiwa pia kuhusu zile mara tatu nilizomfelisha, maana walinitazama kwa pamoja kisha wakatazama gari.

5. Saa nne kasoro robo simu ya mke wangu ililia. Alikuwa mkwe wetu. Uchungu ulianza tangu alfajiri, wako hospitali, na madaktari wamegundua kwamba mtoto ametanguliza makalio. Kwa lugha ya kazi yangu, mtoto alikuwa anakuja kwa rivasi. Binti yetu alikuwa halii wala hasemi, isipokuwa kila baada ya dakika chache anauliza kitu kimoja: mama yuko wapi.

Mke wangu hakunieleza mengi. Alimgeukia mama wa mikate, akajichorea tumbo kwa mikono miwili, kisha akaigeuza mikono ile juu chini. Yule mama akaelewa papo hapo. Alisimama kwa mguu mmoja, akateremsha makreti yaliyobaki akayapanga kwenye nyasi ili ipatikane nafasi, akamwonyesha askari barabara ya mjini. Askari akamruhusu kwa mkono. Mke wangu akafungua mlango wa gari la mikate.

"Mwalimu, panda," akaniambia. Huniita Mwalimu akiwa amefika mwisho wa subira.

Nilimwonyesha kwa kidole hatua yenu ya tano: "Usiondoke eneo la ajali." Akaisoma. Ndiyo mara yake ya kwanza kusoma kipeperushi hiki.

"Mjukuu wako hajakisoma," akasema, akafunga mlango.

Lile gari likaondoka na taa moja na harufu ya mikate. Ndugu Mhariri, naomba ujiweke mahali pangu. Umesimama katikati ya barabara ya watu, umeshika pembetatu, na mke wako wa ndoa ya miaka thelathini anakata kona bila wewe. Nilitaka kukimbia nyuma yao. Nasema kweli, mguu mmoja ulishatoka. Lakini nilikuwa nimebakiza hatua nne, na maisha yangu yote nimewaambia vijana kwamba anayeruka hatua ndiye anayeua watu.

6. na 7. Hizi naziunganisha kwa sababu ziliharibika pamoja. Mmetaka mchoro wa eneo la ajali. Hamkusema mchoro wa namna gani, na kumwambia mwalimu wa udereva achore bila kumwekea mpaka ni kumtafuta makusudi. Nilipima kwa kamba. Mfagiaji alinishikia ncha ya pili. Nilichora mzunguko, njia zake nne, alama zote, miti kumi na mmoja, makreti, na mbwa. Askari walinipa mkono wakaondoka. Nilipomaliza ilikuwa saa sita na nusu, na sijasema ili nisifiwe, lakini ni mchoro safi.

Kisha nikatafuta shahidi, kama inavyotaka hatua ya saba. Aliyebaki ni yule mzee. Nilimpa kalamu aweke sahihi pale chini. Badala ya kuweka sahihi, aliutazama mchoro wangu, akautazama mzunguko, akanitazama mimi kwa upole mwingi, kisha akachora mshale mmoja mkubwa kuuzunguka mzunguko wote, umeelekea kinyume na mishale yangu. Akanirudishia kalamu akaenda zake na mbwa wake. Mchoro wa saa mbili na ushee ukawa hauna thamani tena.

8. Dereva wa gari la kuvuta magari ndiye aliyenichukua. Hatua ya nane inasema: "Fanyiwa uchunguzi hospitali hata kama huhisi maumivu." Sikuhisi maumivu yoyote. Nilimwambia dereva yule, kwa kumwonyesha shingo, anipeleke hospitali, naye akanipeleka hospitali kuu ya mji. Ndiyo hospitali aliyolazwa binti yetu.

Nilijua hivyo. Nataka niwe mkweli. Niliona jina lake juu ya lango, ni lile ambalo mkwe alitutumia. Nikajiambia nitapita kwanza upande wa majeruhi nikamilishe hatua, nipande wodi ya wazazi nikiwa sina deni na mtu. Wakanivalisha kola ya shingo, wakanilaza chali, wakanisukuma kwenye chumba cha kusubiri picha. Ukutani palikuwa na kibao kinachoagiza simu zizimwe. Nikazima. Dari lile lina vigae themanini na vinne, viwili vina doa la maji.

Saa nane unusu mchana, ghorofa mbili juu ya vigae vile, mjukuu wangu alizaliwa. Wa kike. Mke wangu alikuwa amesimama kichwani kwa mwanawe, amemshika mkono, akimwambia pole. Alikuwa amefika saa nne na dakika ishirini, na binti yetu alipomwona ndipo alipolia kwa mara ya kwanza siku ile, akalia vizuri, na mke wangu anasema tangu hapo kazi ikaenda. Daktari alijitayarisha kwa kisu, hakikuhitajika. Mtoto alitoka kwa rivasi taratibu bila kukwaruza popote. Rivasi ndiyo somo ninalolifundisha kuliko yote. Nimewaona hapa duniani watu mia nane na kitu wakirudi nyuma, na huyu mmoja sikumwona.

Nilipata ruhusa saa kumi na nusu, nikaambiwa sina tatizo lolote ila nisivue kola kwa wiki mbili, kwa tahadhari. Nilifika wodini saa kumi na dakika arobaini. Mtoto alikuwa ameshabebwa na mama yake, na bibi yake, na mama wa mikate ambaye alikaa nje ya mlango muda wote na goti lake limefungwa mtandio, na baba yake, na wauguzi watatu, na mfanya usafi wa wodi. Mimi ni wa tisa.

Na bado sikumwona. Nilisimama kando ya kitanda, na kwa kola ile nikaona dirisha, pazia, na utosi wa mkwe wangu. Wote walikuwa wameinama wakitazama kitu ambacho mimi siwezi kukitazama. Nikaanza kukunja magoti polepole ili nishuke, nikayumba, nikashika nguzo ya dripu. Mke wangu akaona. Alimchukua mtoto, akamwinua mpaka usawa wa macho yangu, akamshikilia pale. Alikuwa na ngumi shavuni na uso wa mtu aliyeamshwa bila sababu. Alinitazama, akapiga chafya. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu nyumbani. Hayakutoka, na safari hii si kwa ajili ya hatua ya tatu.

Mke wangu mikono ikamchoka, akabadilisha, akaendelea kumshikilia.

9. "Weka kumbukumbu ya kila jambo, hata lililo dogo." Ndiyo hii.

Kutokana na hayo, Ndugu Mhariri, naomba ofisi yako itekeleze yafuatayo. Kwanza, neno "pole" liandikwe mahali rasmi na litangazwe kwa nchi zote kwamba si kosa, si deni, na halina shahidi. Pili, mtoto amepewa jina la mama wa mikate. Silipingi, ila siwezi kulitamka. Nimejaribu siku sita, na kila nikimwita mtoto, mama wa mikate hucheka mpaka akae. Naomba mtaalamu wa matamshi. Tatu, tangu siku ile mke wangu ndiye anayeendesha gari la mkwe, mjini na nje ya mji, na anaendesha kwa namna ambayo hainipi nafasi ya kusema kitu. Naomba mumwandikie kwamba hali hii ni ya muda.

Nne, na hili ndilo kubwa: naomba muda wa kuzaliwa kwa mjukuu wangu usogezwe mbele kwa saa mbili na dakika kumi. Najua utashtuka, lakini nifuate. Nchi hii iko nyuma ya saa zetu kwa saa mbili, na hakuna aliyewahi kuishitaki. Saa yangu ya mkononi sikuibadilisha. Kwa saa hiyo, ambayo ni ya halali na ya nyumbani, mtoto alizaliwa saa kumi na nusu. Mimi, kwa saa ya ukutani ya wodi, ambayo nayo ni ya halali, niliingia saa kumi na dakika arobaini. Zinabaki dakika kumi tu. Ofisi yenye ubinadamu haiwezi kushindwa kumeza dakika kumi. Mkishazimeza, nitakuwa nilikuwepo, na akikua akiniuliza babu ulikuwa wapi, nitakuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Nisalimie karani wa dirisha la pasipoti, mpiga chapa wenu, na yule aliyechora picha ya mtu anayetabasamu kando ya gari lililobondeka. Mwambieni nimemtafuta mtu huyo hapa na sikumpata. Binti yangu, mkwe wangu na mama wa mikate wanawasalimu. Mtoto amelala.

Wako mtiifu,

Mwalimu Breki,
mwalimu wa udereva, na babu tangu saa nane unusu
(au saa kumi unusu, kutegemea jibu lenu).

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Alipomaliza aliniomba kipeperushi, akakaa kitandani, akakibandua taratibu kutoka kwenye kadibodi nilikokigandisha kwa gundi siku ile ya kwanza ili kisijikunje. Kumbe nyuma kuna maandishi. Hatua ya tatu inaendelea hivi: "Kumpa pole aliyeumia si kukiri kosa. Mpe." Ya tano: "Polisi wakiruhusu, ondoka, hasa kama kuna dharura." Ya sita: "Mchoro wa dakika tano unatosha." Ya nane inaendelea: "Lakini kwanza wajulishe ndugu zako uliko." Kwa hiyo nalazimika kuyaondoa malalamiko yote isipokuwa lile la pembetatu, ambalo nimegeuza na kugeuza na halina maelezo yoyote nyuma.

Mke wangu anataka pia nieleze niliuzunguka mzunguko ule kwa upande gani, maana katika nchi hii magari yote hupita kulia. Kuhusu hilo nitasema tu kwamba kwetu kitu kile kinaitwa kipilefti, yaani "shika kushoto", na mimi nilitii jina lake.

Naomba nikomee hapa. Tunampeleka mtoto kliniki. Mke wangu yuko kwenye usukani, mama wa mikate amekaa mbele na goti lake amelinyoosha, nami nimepangiwa kiti cha nyuma kando ya mtoto, nimshike mkono. Wameshapiga honi mara mbili.